Betri za kuchaji zinachoka mapema: tatizo ni chaja au betri zenyewe? Nisaidieni kuchagua chaja

#1 Kurunzi
Habari wakuu. Nina betri za kuchaji (NiMH), 12 za AA na 8 za AAA. Za AA zimeandikwa 2000 mAh (miliampea-saa, yaani ujazo wake). Nilizinunua pakiti moja na chaja yake, sasa zina miezi 8. Mwanzoni mausi ya kompyuta ilikaa wiki tano kwa betri mbili, leo inakaa siku tisa. Tochi ndiyo usiseme.

Chaja ni ya nafasi nne lakini ina taa mbili tu. Haikubali betri moja wala tatu, lazima mbilimbili. Juzi usiku wa manane nilipita karibu na soketi nikazigusa kwa mgongo wa kiganja. Tatu zilikuwa na joto la kawaida. Ya nne sikuweza kuishika hata sekunde mbili. Asubuhi nikakuta gamba lake la plastiki limekunjamana upande wa chanya, kama ngozi ya kidole kilichokaa sana kwenye maji. Na taa bado ilikuwa inawaka nyekundu.

Nataka chaja mpya. Ya haraka au ya polepole? Na hizi zenye kioo cha namba, kioo kina kazi au ni pambo?

#2 Mkondo
Polepole, mkuu. Betri haipendi kukimbizwa. Kanuni ni ya zamani na haijawahi kuniangusha: chukua ujazo, gawa kwa kumi, huo ndio mkondo wako. Betri ya 2000 mAh unaipa miliampea 200 kwa saa 14 hadi 16. Haipati joto na haivimbi. Nina seti ina miaka sita na inafanya kazi hadi leo. Hizi chaja za saa moja zinaua betri za watu.

#3 Kipimo
Heshima kwa #2, lakini hapo kwenye mkondo mdogo tunaachana, na ningependa mleta uzi aelewe kwa nini kabla hajatoa hela.

Chaja inajuaje betri imejaa? Betri ya NiMH ikiwa inachajiwa, volti zake zinapanda taratibu. Ikijaa zinafika kileleni, halafu zinashuka kidogo sana, kama milivolti 5 hadi 10 kwa betri. Chaja yenye akili inakaa inavizia huo mshuko, ikiuona inakata. Sasa mshuko huo unaonekana vizuri mkondo ukiwa mkubwa kiasi, kati ya nusu ya ujazo na ujazo mzima. Kwa betri ya 2000 ni miliampea 1000 hadi 2000. Ukiipa 200, kilele kinakuwa bapa, mshuko hauonekani, na chaja inaendelea kusukuma umeme kwenye betri iliyojaa. Kwa hiyo polepole bila saa ya kukata kunaweza kuwa hatari kuliko haraka ya wastani.

#4 mama_wawili
Mimi si fundi, ni mama wa watoto wawili na midoli yao yote inakula betri. Kilichonisaidia ni kutupa chaja ya mbilimbili. Niliyonayo sasa ina taa nne, kila betri na taa yake. Naweka moja, naweka tatu, haijali. Ikijaa taa inazima. Haina kioo wala kitufe. Miaka mitatu sasa na bado betri zilezile.

#5 Msoma_Lebo
Mnakimbilia chaja, hamjauliza betri zenyewe ni za aina gani. Soko limejaa betri zenye namba za uongo. AA ya NiMH kwa teknolojia iliyopo haivuki sana 2700 au 2800 mAh. Ukiona 3000, 3300, 3800, hiyo ni namba ya kuuzia. Njia rahisi ni mizani ndogo: AA ya kweli ina gramu 26 hadi 31 hivi. Ukikuta ina 17 au 18, ndani hakuna kitu. Kurunzi, zako zina uzito gani?

#6 Kurunzi
Asanteni. #5, nimepima tatu, zote zina gramu 26 na kitu. Lakini nimekumbuka nina nyingine mbili nilizopewa zimeandikwa 3600. Nimeziweka kwenye mizani sasa hivi: 19.

#7 Kasuku
3600! Hiyo ni namba ya simu, mkuu, si ya betri. Ziweke kwenye rimoti ya redio uzisahau.

#8 Fundi_Tochi
Nimesoma #1 mara mbili na jibu langu liko kwenye maneno "lazima mbilimbili". Chaja ya namna hiyo inaziunganisha betri mbili mfululizo, umeme unaotoka kwenye ya kwanza ndio unaingia ya pili. Mkondo ni uleule kwa zote mbili na chaja inaziona kama kitu kimoja. Betri mbili haziwi sawa hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Moja inajaa mapema. Ikishajaa, umeme unaoingia hauna pa kukaa, unatengeneza oksijeni ndani, oksijeni inarudi kuungana, na hapo ndipo joto linatoka. Presha ikizidi, kiziba cha usalama kinaachia na majimaji kidogo yanatoka. Hayarudi tena. Kila ukichaji, ile dhaifu inazidi kudhoofika na pengo kati yake na mwenzake linaongezeka.

Ile ya nne iliyokuunguza ndiyo iliyokuwa imejaa. Taa nyekundu ilikuwa inamsubiri mwenzake.

Nimefungua tochi nyingi za watu. Hata kwenye matumizi ni hivyohivyo: betri tatu mfululizo, moja ikiisha mapema wenzake wanaisukuma umeme kinyumenyume. Ukipima unakuta inasoma hasi. Ikifika hapo mara mbili tatu, ndiyo basi.

#9 Mkondo
#3, kwani nani kasema bila saa? Chaja yangu ina kipima muda, ikifika saa 16 inakata. Na kipimo chenyewe cha kimataifa cha ujazo wa hizi betri, IEC 61951-2, kinachaji kwa moja ya kumi kwa saa 16. Kama mkondo huo ungekuwa unaua betri, wasingeutumia kuzipimia.

#10 Kipimo
Ni kweli kuhusu IEC, umenena. Lakini kipimo hicho kinaanza na betri iliyoshushwa, yaani iliyotolewa chaji, hadi volti 1.0. Wewe nyumbani unaweka betri ambayo nusu bado imo. Inapata saa 16 zilezile. Hizo saa nyingine zinaenda wapi?

Na usisahau kwamba kwenye mkondo huo, sehemu kubwa ya umeme inapotea. Ndiyo maana ni saa 16 na si 10.

#11 Mkondo
Zinaenda kwenye joto dogo ambalo betri inalimudu. Betri hizi zimeundwa kuvumilia moja ya kumi hata zikiwa zimejaa. Sijasema milele, nasema saa chache.

#12 Usiku_Mrefu
Kuhusu kipima muda, kuna jambo limenikuta. Umeme ukikatika ukarudi, saa inaanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Chaja yangu ya zamani ilikuwa ya saa 8. Usiku mmoja umeme ulikatika mara mbili, asubuhi nikakuta betri bado ziko kwenye chaji na gundi ya lebo imeyeyuka inanata kwenye vidole. Tangu hapo chaja ya kipima muda pekee siitaki.

#13 mama_wawili
#12 pole. Hilo la umeme kukatika sikuwahi kulifikiria. Kwa hiyo yangu nayo inaanza upya?

#14 Fundi_Tochi
#13, kama yako inavizia mshuko wa volti kwa kila betri, umeme ukirudi itaanza kuchaji tena lakini itagundua mapema kwamba zimejaa na kukata. Kipima muda kwake ni ulinzi wa akiba tu. Usiwe na wasiwasi.

#15 Mzee_Saa
Vijana, mbona hamumwambii mwenzenu jambo la msingi? Betri lazima uimalize kabisa kabla ya kuchaji, la sivyo inakariri. Ukichaji ikiwa nusu, inajua nusu ndiyo mwisho wake. Nilifundishwa hivyo na sijawahi kuacha.

#16 Kipimo
Shikamoo mzee. Hilo lilikuwa kweli zaidi kwa nikeli-kadimiamu, zile za mpangilio aliouvumbua Waldemar Jungner kule Uswidi mwaka 1899. Hizi za sasa ni nikeli na metali haidraidi. Zina tabia inayofanana kidogo, volti zinalegea ukizichajichaji bila kuzitumia, lakini inatoka kwa kuzishusha na kuzijaza mara moja mbili. Kuzimaliza kabisa kila mara ndiko kunakoleta lile alilosema #8, betri dhaifu kugeuzwa kinyume.

#17 Mzee_Saa
Marahaba. Lakini nina chaja yenye kitufe cha kushusha kwanza. Betri zangu zilikuwa zinasoma 1100, nikaziendesha mara tatu, zikafika 1750. Hilo nimeliona kwa macho yangu, sikulisoma mahali.

#18 Kipimo
Nakuamini mzee, hata mimi nimeliona. Tunachotofautiana ni sababu. Betri iliyokaa muda mrefu bila kutumika, kemikali yake inalala, mizunguko michache inaiamsha. Hiyo si kukariri.

#19 Fundi_Tochi
Au huenda chaja ya kwanza haikuwa inazijaza hadi mwisho. Kuna chaja zinakata mapema zikidanganywa na kilele cha uongo dakika za mwanzo, hasa betri ikiwa imelala muda mrefu. Mzunguko wa pili hauna kilele hicho, namba inapanda, unadhani umeiponya.

#20 Mzee_Saa
Mmenipa sababu mbili kwa jambo moja. Nitaendelea na kitufe changu.

#21 Dada_Presha
Naomba niingie hapohapo. Mashine ya presha ya mama inatumia AA nne. Nikiweka za kuchaji zilizojaa, inajaza upepo hadi katikati, inalia, inaandika betri imeisha. Nikiweka za kawaida inapima vizuri. Ni chaja yangu haijazi?

#22 Msoma_Lebo
#21, pima kwa mita kwanza. Za kuchaji ni volti 1.2, za alkali 1.5. Nne zinakuwa 4.8 badala ya 6. Vifaa vingi havijali kwa sababu hata alkali ikitumika nusu inashuka hadi hapo kwenye 1.2. Ila kuna vifaa vinavyosoma 1.2 kama "karibu kwisha". Kwa pampu ya presha, inapovuta mkondo mwingi volti zinazama zaidi. Kama kijitabu chake hakiruhusu za kuchaji, muwekee mama za alkali. Kipimo cha presha si mahali pa kujaribia.

#23 Kasuku
Si kuna zile za lithiamu za volti 1.5 zenye tundu la USB ubavuni? Hizo zinatoa 1.5 mwanzo mwisho.

#24 Fundi_Tochi
Zipo na ni nzuri, ila ziwe na chaja yake. Hiyo ndani ni lithiamu ya volti 3.7 yenye saketi ndogo ya kushusha. USIIWEKE kwenye chaja ya NiMH. Na tahadhari nyingine: kuna lithiamu inaitwa 14500, umbo lake ni lilelile la AA, haina saketi hiyo, ina volti 3.7, inachajiwa hadi 4.2. Kijana mmoja aliniletea rimoti ya geti aliyoiweka mbili za hizo. Kapasita imevimba, ubao umekuwa mweusi. Chaja nyingi za kioo siku hizi zinachaji zote, zinatambua zenyewe kwa kupima volti. Bado, mimi huangalia maandishi kwenye kioo kabla ya kuondoka. Nikiona NiMH ndipo naenda zangu.

#25 Dada_Presha
Asante #22 na #24. Nimepima, zinasoma 1.38 zikiwa zimetulia. Kwa hiyo chaja ni nzima. Namrudishia alkali.

#26 Kijana_Mpya
Na alkali zilizoisha nazo zinachajika? Nimeona mtu anaziweka kwenye chaja dakika 20 zinarudi.

#27 Fundi_Tochi
Hapana. Zinarudi kidogo, halafu zinavuja. Ule unga mweupe unaouona kwenye springi ni haidroksidi ya potasiamu iliyotoka ndani ikakutana na hewa. Unakula springi na ubao. Kama zimeshavuja, pangusa kwa kitambaa chenye siki kidogo, halafu kausha. Chaja nyingi zenye akili zitaikataa alkali zikiitambua, usizilazimishe.

#28 Kurunzi
Wakuu, turudi kwenye chaja. Nimeelewa mambo mawili: kila betri ijitegemee, na mkondo bado mnabishana. Je, hizi za USB zinafaa? Nina adapta kibao za simu.

#29 Usiku_Mrefu
Zinafaa ila piga hesabu. Betri nne, kila moja ampea 1, volti kama 1.5 wakati wa kuchaji: hiyo ni wati 6 kabla ya upotevu wowote. Adapta ya volti 5 ampea 1 inatoa wati 5. Haitoshi. Chaja itapunguza mkondo au itazimazima. Tafuta adapta ya ampea 2. Watu wengi wanalaumu chaja kumbe ni adapta na waya mwembamba.

#30 Mwandishi_Taa
Ninatumia Panasonic BQ-CC55. Nafasi nne zinazojitegemea, taa zinazobadilika rangi kadiri inavyojaa, AA nne za 2000 kama saa 3. Ndugu yake BQ-CC17 ni ya saa 7 hivi, nayo kila betri kivyake. Hazina kioo. Kwa nyumba ya kawaida sioni haja ya zaidi.

#31 Kipimo
Nakubali kwa mtu asiyetaka kupima. Lakini mleta uzi ANAUMWA na swali la kujua nani mbovu kati ya betri 20. Hapo anahitaji inayoshusha na kuhesabu. Ninayo Maha MH-C9000, unachagua mkondo kuanzia 200 hadi 2000, usipogusa kitu inaenda 1000. Lii-500 nayo ina 300, 500, 700 na 1000, na inaonyesha ukinzani wa ndani. Opus BT-C3100 pia watu wanaisifu.

#32 Mkondo
Na La Crosse BC-700? Usipogusa kitu inaanza na 200. Waliotengeneza hawajui unachosema #3?

#33 Kipimo
Wanajua, ila nadhani waliogopa joto zaidi kuliko kukosa mshuko. Ninayo pia. Kwa AAA ya 800 hiyo 200 ni robo, inakata vizuri. Kwa AA ya 2000 naipandisha hadi 700. Nimewahi kuiacha kwenye 200 na AA ya zamani, asubuhi kioo kinasoma 3,900 na betri ina joto. Haikuona kilele.

#34 Kijana_Mpya
Yangu ya kioo imeniandikia 2,450 kwa betri ya 2000! Nimepata betri nzuri kuliko lebo.

#35 Kipimo
Hiyo ni namba ya umeme ulioingia, si uliobaki. Wakati wa kuchaji sehemu inapotea kuwa joto. Iendeshe kwa kushusha, namba itakayotoka wakati inashuka ndiyo ujazo. Usishangae ikiwa 1,900, na hiyo ni nzuri.

#36 Kijana_Mpya
1,870. Sawa, nimekubali.

#37 mama_wawili
Swali langu dogo. Kuna mbili chaja inazikataa, taa inapepesa haraka. Ndizo zilizosahaulika kwenye gari la mtoto likiwa limewashwa. Nitupe?

#38 Fundi_Tochi
Zimeshuka mno, chaja inaona kama hakuna betri au ni mbovu. Wengine wanaziweka dakika tano kwenye chaja ya kizamani isiyo na akili, volti zikipanda wanazirudisha. Huwa zinaamka.

#39 Msoma_Lebo
Zinaamka, ndiyo, na mwezi mmoja baadaye zinamharibia mwenzake kwenye kifaa. Chaja imezikataa kwa sababu. #37, kama ukiziamsha zitumie peke yake, usizichanganye na nzima. Na usiziache hapo ukaondoka.

#40 Mwandishi_Taa
Kuna jambo hamjaligusa: huenda za mleta uzi si chaja wala uongo wa lebo, ni betri zinazojivujia chaji zenyewe. NiMH za aina ya zamani zinapoteza robo ya chaji kwa mwezi zikiwa zimekaa tu. Sanyo walitoa betri za Eneloop mwaka 2005 na kubadilisha hilo, sasa kampuni nyingi zinatengeneza za namna hiyo, zinauzwa zikiwa tayari na chaji. Mausi inakula umeme kidogo sana. Siku tisa inaweza kuwa betri inajimaliza yenyewe.

#41 Kurunzi
Wakuu, nimerudi. Nimenunua ya kioo, nafasi nne, kila moja kivyake. Nimechukua siku tano kuzipima AA zote 12: kujaza, kupumzisha saa moja, kushusha kwa 500. Nimeandika namba kwenye kila betri kwa kalamu ya wino usiofutika. Matokeo:

Nne za tochi: 1,130, 1,180, 1,090, 1,220.
Mbili za mausi: 1,310, 1,290.
Nne za redio: 1,260, 1,200, 1,340, na ile iliyoniunguza, 410.
Mbili za saa ya ukutani: 1,240 na 1,190.

Hapo mwisho ndipo nimekwama. Za saa ya ukutani nilizichaji kwenye chaja ile ya mbilimbili mara MBILI tu tangu ninunue. Kama chaja ndiyo iliyoua, hizi zilipaswa kuwa karibu na 2000.

#42 Msoma_Lebo
Mimi nilisema. Uzito uko sawa lakini lebo ni uongo. Zilikuwa za 1300 tangu kiwandani. Chaja imeua ile moja ya 410, basi.

#43 Kipimo
Usiwahi kuhukumu. Betri ya saa inakaa miezi inashushwa polepole kabisa, hiyo ndiyo hali ya kulala niliyosema #18. Ziendeshe mara mbili zaidi. Na unashusha kwa 500 wakati kipimo rasmi cha betri ya 2000 ni 400, tofauti si kubwa lakini ipo.

#44 Fundi_Tochi
Nami naona mara mbili zinatosha. Nimeona betri mpya ikapikwa usiku mmoja tu. Zile mara mbili ulizichaji pamoja au kila moja na mwenzake tofauti? Na ulizigusa?

#45 Kurunzi
#44, sikumbuki, na sikuzigusa. #43, nimefanya. Za saa ya ukutani, mzunguko wa pili: 1,390 na 1,350. Wa tatu: 1,480 na 1,420. Za tochi nazo nimezirudia, hazijasogea, 1,140 na wenzake.

#46 Mzee_Saa
Kitufe hicho.

#47 Msoma_Lebo
1,480 bado si 2000.

#48 Kipimo
Na bado inapanda. Endelea hadi isimame.

#49 Mkondo
Kurunzi, nakuomba kitu kimoja. Chukua hizo mbili za saa, zishushe, halafu mzunguko wa nne uzijaze kwa 200 kwa saa 16 kamili, uweke kengele kwenye simu, uzitoe kwa mkono. Halafu shusha upime. Kama chaja yako ilikuwa inakata mapema kama alivyosema #19, tutaona. Nitafanya hivyohivyo na mbili zangu za miaka sita nilizozisifia #2, nilete namba hapa.

#50 mama_wawili
Mkondo ukileta namba za miaka sita nitashukuru, maana yangu zinafika mwaka wa nne.

#51 Kurunzi
Nimeziweka saa 12 jioni, kioo kinasoma 200 zote mbili, nimegusa ziko baridi. Kengele ni saa 4 asubuhi. Ile ya 410 nimeifunga utepe kwenye ncha zote mbili, iko kwenye kopo na zile mbili za 3600, zinasubiri kupelekwa kwenye pipa la betri.